Kaburi la Bibi Maryamu

Siku ya nne baada ya kumzika Shangazi Zuwena, mie na binti yake Thuwaiba tulikaa chini chumbani kwake Matrah, kabati wazi mbele yetu, tukitenga nguo za kutoa sadaka na za kubaki. Kazi hiyo siipendi hata kidogo. Thuwaiba ndiye aliyelivuta furushi kutoka chini kabisa, nyuma ya mabuibui ya kizamani: kanga moja kuukuu, maneno yake yamefutika, imefungwa mafundo mawili. Akainusa, akakunja uso. "Hii harufu gani tena?" Chumba kizima kilinuka udi, na katikati ya udi ikapenya nta ya nyuki. Nina watoto watatu mie, na mvi zangu nazipaka hina, lakini wallahi moyo ulinienda mbio kama ulivyonienda nikiwa na miaka minane, kiti cha nyuma cha gari la Baba, njia ya mawe, nikijua kwa yakini kwamba tunakwenda kumzika bibi yangu na yeye mwenyewe yumo garini anakula chungwa.

Nikamwambia Thuwaiba asilifungue kwanza. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili, akaliweka mapajani, akaendelea kukunja nguo.

Nyie mliokulia Khuwair ya Kusini miaka ile mnajua nyumba zetu zilivyokuwa: Kiswahili jikoni, Kiarabu mlangoni, na nasaba kila mahali. Baba alikuwa wa Unguja. Mama alikuwa wa bara, wa Tabora, na neno hilo "wa bara" upande wa Baba hawakulisema hivihivi, walilivuta kidogo. Babu mzaa Mama alikuwa Mwarabu wa duka kule Tabora. Aliporudi Oman alimchukua Mama, kitoto cha miaka sita, na mama yake akabaki kule kwao. Wakakaa zaidi ya miaka ishirini hawajaonana. Mpaka Baba akahangaika na viza, na siku moja alasiri akaingia mlangoni kwetu bibi mfupi, mweusi, amekumbatia dumu la asali, kanga zake zinanuka nta. Mama alipiga magoti pale pale mlangoni, na mie nilikuwa sijapata kumwona Mama akilia kwa sauti.

Tuliambiwa anaitwa Bibi Maryamu, tukamwita Bibi Maryamu, na yeye akaitika. Kumbe jina lake Maria. Kumbe aliolewa na Babu na kanisa lake hakuliacha, tena Mkatoliki wa kuamka na sala na kulala na sala. Hayo mie sikuambiwa. Nilichoambiwa, siku ya kwanza, Mama kanishika bega mpaka linauma, ni hiki: "Shangazi akikuuliza kwa nini Bibi hasali na sisi, mwambie magoti yanamuuma, husali kitandani. Umesikia, Raya? Magoti."

Shangazi Zuwena alikuwa dada mkubwa wa Baba, mjane, na nyumba yake ya Matrah ndiyo iliyoamua nani wa kuolewa, nani wa kualikwa na nani wa kunyamaziwa. Ndoa ya Mama aliipinga mpaka siku ya nikaha. Mama alimwogopa vibaya sana. Baba alikuwa anamtafutia Bibi ruhusa ya kukaa nasi moja kwa moja, na Mama aliamini kwamba Shangazi akijua tu kuwa mkwe wa nduguye ni Mkristo, yatasemwa Matrah nzima, Baba atashikwa masikio, na Bibi atapandishwa ndege arudi kwao. Kwa hiyo kila Shangazi alipokuja kunywa kahawa baada ya Alasiri, nyumba yetu ilikaa wima. Alikuwa na macho ya kupekua. "Bi Maryamu," humwambia, "hujambo magoti?" Na Bibi, aliyekuwa hajui kusema uongo, hucheka tu akamsogezea asali.

Magoti hayo mie yalinitia wasiwasi. Mtu mwenye magoti mabovu hapandi ngazi mbili mbili, na Bibi alipanda ngazi za darini akiniacha nyuma. Kwa akili yangu, basi, ugonjwa ulikuwa mwingine, mkubwa zaidi, na wakubwa wananificha.

Jumatano moja, baada ya Magharibi, nilikuwa ukumbini naitafuta ndara yangu moja, nikawasikia Baba na Mama jikoni.

"Kaburi la Bibi Maryamu lipo Qalhat," Baba alisema. "Lipo miaka na miaka."

"Basi tumpeleke kesho," Mama akasema. "Lazima afikishwe kabla hajaondoka. Mwenyewe yuko tayari."

"Na dada Zuwena?"

"Asijue kitu mpaka tumeshamaliza."

Nilisimama pale na ndara mkononi. Msinicheke. Kwetu mtu anayekufa haitwi amekufa, huitwa ameondoka. Na kuhusu kaburi kuwa tayari mapema, ajabu iko wapi? Shangazi Zuwena mwenyewe alikuwa na sanda yake kabatini, ameshainunua na kuitia kafuri, na mara moja alinionesha kwa fahari kama mwenzake anavyoonesha hariri. Mwenye sanda tayari, mwenziwe atashindwaje kuwa na kaburi tayari? Na hili lilikuwa na jina lake kabisa.

Nikaenda kumchungulia Bibi. Alikuwa kishaoga. Alikuwa kitandani anakata kucha, taratibu, kidole kwa kidole, na pembeni yake ametandaza kanga na juu ya kanga ameweka mshumaa wa nta alioufinyanga mwenyewe kwao, na tasbihi yake. Ile tasbihi naiona mpaka leo: punje za mti, nyeusi, na pale zinapokutana inaning'inia alama ya kujumlisha, kama ya hesabu, ila mguu wake wa chini mrefu. Nilishamuuliza ya nini, akanijibu ni ya kumkumbusha asisahau. Nami nikaona sawa, hata sie shuleni tunawekewa alama tusisahau. "Bibi," nikamwambia, "unakwenda kesho?" Akang'ara uso mzima. "Naenda, mjukuu wangu. Nimeingoja siku hii miaka mingi mno." Nililala nimeubana mto kwa meno.

Sasa nawaambia nilichokuja kuambiwa na Mama nikiwa mtu mzima. Siku Mama alipochukuliwa Tabora, Bibi aliweka nadhiri kanisani: akimwona tena mwanawe kwa macho yake, atakwenda kwa miguu mitupu kumshukuru Mama Maria, popote alipo. Akangoja. Na alipopata khabari anakuja Uarabuni alifurahi mara mbili, kwa sababu kwa hesabu za Bibi, Uarabuni ndiko kwenyewe, ngamia ndiko, mitende ndiko, manabii wote ndiko walikopita. Alichotaka ni kuoneshwa njia tu. Hata Baba siku moja, kwenye chakula, akataja magofu ya Qalhat, mji wa kale ulioanguka, na kaburi la Bibi Maryamu lililosalia peke yake juu ya kilima. Bibi akaweka tonge chini. "Maria huyo?" Baba akamtazama Mama. Baba alijua vizuri kwamba yule ni bibi wa watawala wa zamani wa mji ule, wala hahusiani na mama wa Nabii Isa kwa ndewe wala kwa sikio. Na Mama alijua. Lakini viza ilikuwa imebakisha siku kumi, ruhusa ya kukaa haijatoka, na huko kwenye Maria wa kweli hakuna aliyeweza kumpeleka. "Ndiyo, mama," Mama akasema. "Maryamu ndiye Maria." Neno lile moja lilimkosesha Mama usingizi siku zote zile.

Asubuhi ya Alkhamisi niliamka nimeshapanga. Nilivichukua viatu vya Bibi, ndiyo jozi pekee aliyokuja nayo, nikavitia ndani ya pipa la mchele, nikafunika. Bila viatu hapaendeki. Mama alitafuta, akapekua, akanitazama, nikaangalia juu. Bibi akasema kwa raha zake, "Acha mwanangu, viatu si kitu. Kule kwenyewe si wa kuvaa viatu." Jamani! Nikakumbuka aliyevikwa sanda havai viatu. Machozi yakanitoka, nikasema tumbo linaniuma, Mama akanipa maji ya zamda ya kutuliza tumbo, akasema nitaumwa humo humo garini.

Tukawa tunapakia, na teksi ikasimama mlangoni. Akashuka Shangazi Zuwena na kikapu chake.

"Nimesikia mnapita njia ya Sur," alisema. "Nna mgonjwa wangu kule, nnakwenda kumtazama. Nafasi ipo, haipo?"

Baba hakuwa mtu wa kumkatalia dada yake. Shangazi akakaa mbele. Nyuma tukakaa Mama, Bibi, na mie katikati. Niliuona mkono wa Mama ukitafuta mkono wa Bibi nyuma ya mgongo wangu, ukaushika, ukabaki hapo.

Wakati ule lami ilikuwa haijafika huko. Tukishapita Quriyat ni changarawe na mawe, mlima kulia, bahari kushoto, na mabonde yanayokatisha njia. Gari liliruka, likatua, na kila likiruka Bibi alisema, "Yesu na Maria!"

Mara ya kwanza Mama alikohoa. Mara ya pili Shangazi aligeuka shingo nzima. "Kasemaje?"

"Kajitaja jina lake," Mama alisema. "Ndivyo wanavyofanya kule. Wakishtuka hujitaja."

"Na hilo la mwanzo?"

"Lipi?"

"Kabla ya Maria. Kuna jingine limetangulia."

Baba akawasha redio. Haikushika chochote ila mkoromo, na hakuna aliyeizima. Bibi alikuwa amemenya chungwa, ananipa kipande kimoja na yeye anakula kimoja, ametulia kama anayekwenda harusini. Nilikula vipande vyote alivyonipa. Nilikuwa nikihesabu vilima, nikijiambia baada ya kile tutageuka turudi. Shangazi kisogo chake hakikutikisika hata gari liliporuka.

Njiani tulisimama kwenye kibanda cha petroli. Shangazi akanishika mkono kwenda chooni, na pale ukutani, tukinawa kwenye bomba, nikaona huyu ndiye mkubwa pekee asiyekuwamo kwenye njama. Mama alisema Shangazi asijue. Basi akijua, atazuia! Hata Baba humtii. Nikaivuta shela yake.

"Shangazi, usiwaache wamzike Bibi."

"Wamzike nani?"

"Bibi. Kaburi lake liko Qalhat, tayari, lina jina lake. Nimewasikia. Anaumwa sana, hata kusali hasali. Magoti hayamuumi, Mama kanifunza tu niseme magoti. Na tasbihi ameibeba, ile yenye alama ya kujumlisha."

Shangazi alifunga bomba. Maji yakabaki yanadondoka.

"Alama ya kujumlisha."

"Eh. Ila mguu wa chini mrefu." Nikamchorea kwa kidole changu kibichi, pale pale juu ya ukuta wa saruji, ili aelewe na afanye haraka.

Akautazama ukuta mpaka ile alama ikakauka. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alinifuta mikono kwa shela yake, kidole kimoja kimoja, akaniambia, "Usimwambie mwengine." Tukarudi garini. Mama alipouona uso wa dada mtu, na kisha uso wangu, alijua. Alinipisha nikae, na hakunitazama tena mpaka Qalhat. Toba! Nilijua mie ndiye sababu, na sikujua nimekosea wapi.

Qalhat yenyewe ni mawe. Mji mzima umelala chini, kuta za kufika magotini, vigae vimetapakaa kila unapokanyaga, na juu ya kilima hicho kijumba kimoja cha mawe ya matumbawe, kuba lake limebomoka nusu, mlango wake upinde mtupu. Upepo ulitaka kututoa nguo. Baba alibaki na gari, anajifanya anakagua magurudumu. Shangazi hakushuka. "Mie siombi makaburini," alisema, anaangalia mbele kupitia kioo.

Bibi akashuka kwa miguu mitupu. Ardhi ile ina mawe yanayokata na miba ya migunga, na Mama alikuwa nyuma yake na ndara mkononi, akimbembeleza azivae japo mpaka mlangoni. "Niache, mwanangu. Niliahidi." Nilikuwa nimemkumbatia kiuno, nakaza visigino nimrudishe nyuma, na yeye akinikokota huku akicheka, anadhani nacheza. Nikaiona damu ndogo kwenye kisigino chake. Hakuitazama.

Tukaingia. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya mavi ya mbuzi, mchanga, na katikati ya sakafu tundu lililozama, la kushukia chumba cha chini, mahali penyewe pa kuzikiwa. Bibi akainama, akashika ukingo, akachungulia. Akabaki hivyo muda. Halafu akainuka, uso wake umelowa machozi, anacheka.

"Hayumo! Mwanangu, njoo uone. Hayumo!"

Nawaeleza tena nisilolijua siku ile. Wakatoliki wana imani kwamba Mama Maria alichukuliwa mbinguni na mwili wake. Bibi alikuwa ameingia mle na khofu yake ya siri: je, akikuta mifupa? Na kaburi akalikuta tupu. Kwake yeye ushahidi uliobaki ulikuwa upi tena? Alikuwa amefika hasa, ndipo penyewe. Mama aliziba mdomo kwa mkono.

Mie nilisikia neno moja tu: hayumo. Kaburi la Bibi Maryamu lipo, na Bibi Maryamu hayumo, na Bibi Maryamu ndiye huyu. Nikachungulia tundu. Lilikuwa jeusi, kimo chake sawasawa na Bibi.

Akaupachika mshumaa kwenye mchanga, akauwasha, akautilia kiganja upepo usiuzime. Halafu akapiga magoti. Magoti mazima, yote mawili, juu ya jiwe, bila hata kuguna. Akatoa tasbihi. "Salamu Maria," akaanza, na mie nikawaza: anajisalimia mwenyewe, anajiaga. Alikwenda kwa kasi, punje kwa punje, nami nikashika kila neno mpaka alipofika kwenye "saa ya kufa kwetu."

Nilipiga ukelele. Sijui nilisema nini, Mama alikuja kunambia kuwa nilisema "Asife! Asife! Mrudisheni!" Nilimrukia Bibi shingoni tukaanguka pamoja juu ya mchanga, na sauti yangu ikatoka kwenye kuba lile lililovunjika ikateremka mpaka kijijini. Baba akaja mbio. Na kutoka upande wa pili akaja mzee wa kijiji, kanzu ameifunga kiunoni, bakora mkononi, ananguruma kwa Kiarabu kabla hajafika: ni nani tena waliokuja kuwasha moto na kufanya ushirikina kwenye kaburi la watu? Siku za nyuma ameshawafukuza wengine.

Mama alikuwa amesimama hajui aanzie wapi. Bibi yuko magotini, shela imemwanguka, alama ya kujumlisha inang'ara juu ya kidole chake. Hatua za mzee yule zilisikika juu ya vigae.

Aliyeingia kwanza ni Shangazi Zuwena. Sikumsikia akija. Aliukanyaga mshumaa. Akamnyang'anya Bibi tasbihi, akaikunja kwenye ngumi, ngumi ikazama ndani ya buibui, na kwa mkono wa pili akamfunika Bibi shela yake kichwani. Mzee alipofika upindeni, Shangazi alikuwa ameshageuka, amejaza mlango.

"Kuna nini humu?" mzee aliuliza. "Mwanamke yule anafanya nini chini?"

"Yule mama yangu," Shangazi akajibu kwa Kiarabu chake cha Matrah, sauti ile ile aliyokuwa akiwafukuzia wachuuzi. "Magoti yanamuuma. Ameanguka, na mtoto ameogopa. Badala ya kuuliza maswali, leta maji."

Mzee akamwangalia. Akaangalia mchanga, uliokuwa bado unatoa moshi kidogo. Nilidhani bakora itashuka. Halafu akasema Mungu amponye mama yako, akaenda kuleta maji.

Tulipobaki wenyewe, Bibi aliinua uso akamtazama Shangazi, na mie mpaka leo sijui aliona nini. Alisema, kwa kile Kiswahili chake cha bara, kama anamgawia kitu, "Bi Zuwena, hayumo. Umeona?"

Sasa Shangazi Zuwena alikuwa mjuzi. Khabari za Qalhat alizijua jina kwa jina, nani kamjengea nani, na katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimwacha mtu na kosa mdomoni. Mama alimtazama, na macho ya Mama yalikuwa yanamwomba. Shangazi akainama, akachungulia tundu, kwa makini, kama mtu aliyeitwa kushuhudia.

"Eh, mama," akasema. "Hayumo."

Maji yakaja. Shangazi mwenyewe alichutama mbele ya Bibi akamwosha miguu, akitoa miiba kwa kucha, anagombana naye kwa kutovaa viatu. Ilipofika zamu yangu kuulizwa, na mie nikaeleza yote, sanda na kucha na lile neno "kabla hajaondoka", Mama alicheka mpaka akakaa chini, akalia, akanipiga kofi la mgongoni, akanikumbatia, yote kwa mara moja. "Kuondoka ni kwenda Tabora, wewe! Tabora!"

Lakini mie nilimwekea kinyongo Shangazi. Niliona kwa macho yangu: alikanyaga mshumaa, akanyang'anya tasbihi. Mgonjwa wa Sur hakutajwa tena, na njia nzima ya kurudi nililitazama buibui lake nikingoja airudishe, na hakuirudisha. Nikaamini ameitupa bondeni mahali tulipopumzika. Khabari ya Bibi hakuitoa, si Matrah wala popote, na Mama akaja kumpenda. Mie nilijitia ugumu. Nilibusu mkono wake kila Idi kwa adabu tu, miaka na miaka.

Ruhusa ya kukaa ilitoka, na Bibi akaikataa. "Nimemaliza kilichonileta," alimwambia Mama. Siku kumi hazikutimia. Kwenye uwanja wa ndege wa Sib alimuaga kila mtu, na wa mwisho Shangazi, wakasimama pembeni wakinong'ona, na nikamwona Bibi akimtilia mkononi kanga iliyokunjwa. Niliona wivu, nilidhani kanga ile ni yangu. Kwangu mie aliinama akasema, "Naondoka, mjukuu wangu," na sikulia hata chozi, kwa sababu kuondoka ni kwenda Tabora. Simu ilipokuja kabla ya Ramadhani, Mama akaanguka kwenye kiti akisema ameondoka, ameondoka, nilimwambia, "Si alishaondoka zamani?" Maneno yale ningeweza kuyarudisha, ningeyarudisha.

Mama naye alishatutangulia. Baba kabla yake. Kwa hiyo pale chumbani Matrah, Thuwaiba alipochoka kuningoja akafungua mafundo mawili ya kanga, hapakuwa na mwengine wa kujua anachokiona ila mie.

Palikuwa na kipande cha mshumaa wa nta, kimekandamizwa na kisigino, mchanga bado umeng'ang'ania. Palikuwa na tasbihi nyeusi. Uzi wake ulikuwa mpya. Ulikuwa umekatika, pengine siku ile ile ya kunyang'anywa, na mtu ameutunga upya kwa mkono wa mshoni, mafundo madogo madogo, na pale punje moja ilipopotea ametia punje ya kijani. Niliijua ile ya kijani. Tasbihi ya Shangazi mwenyewe, aliyokuwa akiisalia kitandani mpaka siku yake ya mwisho, ilikuwa ya kijani, na sote tulizoea kuiona ina pengo.

Thuwaiba aliinyanyua, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha. Yeye ni mtu wa dini sana, na si mtu mbaya. Nikaona macho yake yamesimama pale punje zinapokutana.

"Raya," alisema polepole. "Hii ya nani? Na hii alama ya nini?"

Niliinyoosha mikono nikaichukua, nikaifunga ngumini, ngumi nikaizamisha ndani ya buibui langu.

"Ya bibi yangu," nikamwambia. "Alama ya kujumlisha."